Ndege Nao Wametua

Viwanja Sitini, Ifakara
Julai 1996

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huitikii, ila ulinilea hivyo, mtoto hapiti bila kuamkia hata kama mkubwa amelala.

Nimekuja kukuomba radhi, maana miaka mitatu nimekununia. Ulipozidiwa kule Mchombe, kondakta wa basi aliniletea kikaratasi kwamba nije upesi. Nilikuwa na nguo za komunio kwenye cherehani, nikasema nitakwenda keshokutwa. Keshokutwa nikakuta msiba. Shangazi akanipa ukurasa uliochanwa kwenye daftari, mwandiko wako umelala upande:

Kamba nimeifungua,
ndege nao wametua,
sina wa kumsumbua,
nashuka kungali jua.

Wewe na mashairi yako. Ulikuwa unahesabu mizani kwa vidole huku mboga inapoa, mama ananung'unika. Lakini hili lilinichoma. Dungu nalijua, kile kibanda chetu cha juu ya miti cha kuamia ndege, na ile kamba ya makopo tuliyoivuta kundi likitaka kutua. Nikisinzia ulikuwa unaniambia, "Kamba, mwanangu, kamba." Basi niliposoma kwamba umeifungua na ndege wametua, nilimwona baba aliyechoka kunisubiri, akaacha mpunga uliwe. Na huyo asiyekuwepo wa kusumbuliwa, nikajua ni mimi nasemwa. Niliuficha ukurasa chini ya vitambaa.

Kumbe dungu nililijua nusu. Kila mwaka nilirudi shule ya bweni mavuno yakiwa bado.

Mwaka huu shangazi anaumwa mguu, nikafunga cherehani nikaenda kulinda mwenyewe mpaka mwisho. Gunia la mwisho lilipoondoka, shangazi akachechemea mpaka chini ya dungu, akaifungua kamba. Ndege wakashuka shamba zima. Mimi juu nikaanza kupiga kelele.

"Waache," akasema. "Mpunga uko ndani. Hayo masazo ni yao."

"Na wa kunipokea zamu yuko wapi?"

"Zamu gani tena? Kamba ikifunguliwa humsumbui mtu aje kukupokea. Shuka, jua bado lipo."

Nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa sauti. Halafu nikaanza kucheka, shangazi akadhani nimepigwa na jua. Nilimsomea shairi lako lote kwa kichwa. Akaniambia, "Sasa ulidhani anasema nini, wewe?"

Hukukata tamaa, baba. Hukunifukuza wala hukunilaumu. Kazi ilikuwa imekwisha, na wewe ulijua, ukashuka kwa miguu yako. Kuchelewa nilichelewa, hilo ni langu na nitakaa nalo. Lakini lile jiwe la kifuani limetoka, na jana nimelala mpaka kumekucha, kitu ambacho sijakifanya tangu tukuzike.

Ukurasa wako nimeubandika juu ya cherehani, wateja wanausoma wakisubiri kupimwa. Kamba nimeiviringisha na makopo yake yote, iko hapa miguuni pangu. Wewe endelea kupumzika. Msimu ujao nitaifunga mimi.

Kitindamimba wako,
yule wa kusinzia dunguni