Jani la Kisiwa

Dada yangu mpendwa Wakesho,

Salamu zikufikie huko Wundanyi, pamoja na hiyo baridi yenu ninayoililia hapa. Goti la mama limepata nafuu? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio haujatulia, na hapa kisiwani, Chundwa, sina wa kumwambia.

Bi Zena umewahi kumsalimia kwa simu, yule mjane aliyenipangisha chumba. Mwanawe mkubwa, Shee, huendesha boti ya abiria kwenda mji wa Amu, na spika yake haijui kitu ila rege. Kuna wimbo mmoja wa Kiingereza ambao hata kina mama kisimani huuimba. Walisikia "ailandi, ailandi", yaani kisiwa, wakadhani ni sifa za kwao. Bi Zena aliutaka upigwe kwenye harusi ya bintiye.

Wiki ile ya harusi polisi wakakamata vijana wawili gatini na misokoto ya bangi. Alasiri hiyo hiyo Bwana Famau, nduguye marehemu mume wa Bi Zena, akaja na wimbo ule ule kwenye simu yake, uso ameukaza. Akaniita sebuleni alikokuwa Bi Zena, nikaketi kando ya Shee.

"Mwalimu, wewe wasomesha Kiingereza. Nyimbo hii yanena nini? Nambia kweli ya Mungu."

Akaupiga. Nikatafsiri ubeti wa kwanza: kisiwa chetu, bahari inayotulisha, watu wasiofunga milango. Bi Zena akatabasamu. Kwenye ubeti wa pili nikasita. Shee alinikazia macho.

"Anasifu jani," nikasema. "Anasema moshi wake humpa amani, na wakubwa wanaomkataza ni madhalimu."

"Jani gani? Tambuu ya kutafuna?" akauliza Bi Zena.

Dada, ningeweza kuitikia tu. Lakini kila siku nawafundisha watoto wa watu hawa maana ya maneno.

"Si tambuu, Bi. Ni bangi."

Bwana Famau akasimama. "Shee, inuka twende kwa chifu! Hatutaki nti yetu iharibiwe."

"Ami, mimi naupenda kwa hicho kisiwa tu. Sivuti, wallahi."

Bi Zena akaishika mikono ya mwanawe, akanusa kidole kimoja kimoja mbele yetu. Nilikuwa karibu mno. Harufu ya moshi ule naijua tangu chuoni.

"Petroli," akasema. "Yanuka petroli, Bwana Famau. Shika ndia yako."

Bwana Famau alipoondoka, Bi Zena akamvuta Shee uani, akamsugua vidole kwa ndimu na sabuni. Hakumgombeza. Alikuwa akilia, na Shee, mwanamume mzima mwenye ndevu, akalia naye.

Harusi imepita kwa ngoma za matari tu. Shee haniamkii tena. Jana nikauliza, "Bi, nihame?"

"Uhame wende wapi? Wewe umesema kweli. Urongo nimenena mimi, na kwa mwanangu ningalinena tena."

Nikarudi chumbani, dada, nikaanza barua hii.

Msalimie mama, shemeji fundi wa baiskeli, na shangazi wa kabichi pale sokoni. Mniombee nyote.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Mwakio