Kanga Ndani ya Gitaa

Lizaboni, Jumapili jioni

Afadhali angenigombeza.

Hili gitaa langu kuukuu lina uwazi ndani kama ngoma. Nikilichomeka kwenye spika linalia lenyewe mpaka wateja wanaziba masikio. Mwenye baa ninakopiga muziki alishasema: "Likilia tena nanunua mashine ya disko. Siku hizi madukani zimejaa." Ndipo nikaanua kanga moja ya mke wangu, Agnesi, nikaipenyeza yote tumboni mwa gitaa. Likatulia.

Agnesi akabaki na kipande kimoja cha ile doti. Akasema mwizi ni dada yangu Oliva, maana ndiye aliyeshinda kwetu siku ile. Nikanyamaza. Tangu Pasaka hawasalimiani, na mimi kila Jumamosi napiga gitaa tu, kama vile...

Leo wamekutana msibani Matogoro. Agnesi kajifunga kanga yake moja, mabegani hana kitu, mbele ya wanawake wote. Oliva akavua ya kwake, akamfunika.

Agnesi aliponisimulia nilishindwa kuvumilia. Nikaleta gitaa, nikalegeza nyuzi, nikaivuta ile kanga kwa ndoano ya waya. Ilitoka polepole, imejaa vumbi. Agnesi amesimama tu, anatazama.

Jumamosi gitaa litalia tena, na sijui tutakula nini. Nimechoka.

Agnesi akaikunja kanga vizuri, akaniwekea magotini.

"Hii utampelekea wifi wewe mwenyewe, Baba Festo. Na umwambie ilikuwa wapi."