Alama za Penseli Darini

Shoga, usinipigie, bado wako ndani. Soma tu.

Unazikumbuka zile taa za kuzama darini nilizomsumbulia mume wangu mwaka mzima? Zile unazungusha swichi, mwanga unapungua taratibu? Fundi umeme amekuja leo.

Naingia chumbani, namkuta juu ya ngazi anachora alama za penseli. Zote upande wa dirishani. Upande wangu patupu!

Nikamwambia, fundi, mbona huku kwangu kutakuwa giza?

Akasema, "Mama, taa tunazipanga kufuata kitanda, mwanga usimpige mtu machoni. Na bosi kasema hapa kinakuja kitanda cha mtu mmoja."

Cha mtu mmoja. Shoga, CHA MTU MMOJA!

Nageuka, mume wangu huyo mlangoni, kashika boksi la swichi, kanywea kama kuku aliyenyeshewa. Eti, "Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

Kumbe namna ya kumwambia fundi aliipata!

Na mimi ndiye niliyechagua mwanga wa njano, eti tutazamane vizuri.

Fundi wa watu hana habari. Kashuka ngazi, kafungua futi yake, ananiuliza, "Sasa mama, wewe utalala chumba kipi, nikapime na huko?"