Faili ya Lilian Ilivyofika Illasit

Kitengela,
Jumapili, baada ya kanisa

Mama Lilian mpenzi,

Pokea salamu kutoka kwa huyu mzee wako. Goti lako linasemaje na hii baridi? Na wale watoto wako wa darasa la nne, wameshajua kugawanya ama bado wanakuzeesha? Sisi huku tuko wazima. Nikisema wazima leo namaanisha kabisa, maana ungeniuliza wiki iliyopita ningekudanganya.

Wacha nianze na jambo lenyewe kabla hujaruka mistari kwenda mwisho, najua tabia yako. Mtoto amepata chuo. Fomu yake imepokelewa na imepigwa muhuri. Sasa keti, ujimiminie chai, nikueleze vile ilibaki kidogo tu akose, na ni nani alitaka kumkosesha. Ni mimi.

Unakumbuka zile barua mbili nilizokuandikia habari zake. Ya kwanza ni ya serikali, kuitwa kile chuo cha huko juu, karibu na kwetu, asomee biashara. Ya pili ni ya chuo cha mjini, ya kujilipia, masomo ya jioni, na hiyo niliiomba mimi mwenyewe bila kutumwa na mtu. Vyote viwili ni vyuo vikubwa vya serikali, na vyote vinatoa digrii ya biashara. Wewe ulinijibu maneno matatu tu: "Achague yeye mwenyewe." Nilikasirika, sitakuficha. Nilisema huyu mwalimu anafikiri mambo ya chuo kikuu ni kama kuchagua rangi ya sweta.

Lakini Lilian alikuwa ameshachagua tangu siku ya kwanza. Cha huko juu. Alisema huko atakuwa na kitanda chake, maktaba mlangoni, na atasoma mchana na watu wa rika lake. "Na hiki cha mjini, Baba, nitasomea biashara nikisinzia barabara ya Namanga kila jioni. Nitajua stage zote za matatu, hesabu sitajua."

Wee! Nilimpa hotuba. Nikamwambia benki zote kubwa ziko mjini, walimu wa mjini ndio wanaandika vitabu, hata bosi wetu wa ofisi ya mifugo alisomea pale. Alinisikiliza akichambua mchele, kichwa chini, bila kunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Baba, sikukuuliza juu ya vyuo. Nimeuliza wewe unataka niende wapi."

Nikamwambia ugali unaungua. Mama Lilian, hakukuwa na ugali kwa jiko. Usiku huo tulikuwa tunapika wali.

Sasa ngoja nikuambie kosa lenyewe. Wewe husema mimi nikiona karatasi lazima niitafutie faili, na ni kweli. Karibu miaka ishirini nakaa katika chumba cha mafaili pale Kajiado na sijawahi kupoteza hata moja. Basi nikamfungulia Lilian faili ofisini, jalada la kahawia kama yale ya serikali, nikaandika jina lake juu kwa ule mwandiko wangu mnaousifu. Nikatia barua zote mbili, na fomu ya kukubali nafasi ya chuo cha huko juu, ile ilitakiwa irudi kwao na saini yangu kabla ofisi hazijafungwa Ijumaa.

Unajua kazi yetu. Kila mtu akipitia faili anaandika maelezo yake ndani, anayapa namba, anampelekea mwingine. Nami nikaandika, kama mtu mwenye akili timamu. Namba moja: "Barua mbili zimepokelewa." Namba mbili: uzuri wa chuo cha mjini, ukurasa mzima. Namba tatu ilikuwa mstari mmoja: "Akienda, nyumba hii itabaki na nani?" Kisha namba nne: "Iwekwe kwanza."

Iwekwe kwanza, mpenzi, ndiyo njia yetu serikalini ya kuzika jambo bila kuchimba kaburi.

Kila jioni mtoto alikuwa akiniuliza, "Baba, umeshatuma?" Nami namjibu, "Iko ofisini, inashughulikiwa." Haki, nilimjibu mtoto wangu vile tunavyowajibu wenye ng'ombe wakija kuulizia chanjo. Nilijiambia siku ikipita hakuna aliyemkatalia mtu kitu, kitabaki chuo cha mjini, ataendelea kulala hapa, na mimi nitaendelea kufungua mlango nikute taa inawaka na mtu wa kuniambia nimevaa soksi mbili tofauti. Tangu umlete hapa akiwa kidato cha kwanza sijawahi kuingia nyumba yenye giza. Hiyo ndiyo sababu. Ile ya benki na vitabu ilikuwa pambo tu.

Na wewe kila Krismasi unaniuliza nitaomba uhamisho lini nirudi upande wa nyumbani, na mimi nakujibu kwamba ofisi itapotea bila mimi. Wakati huohuo ndimi ninayeijazia ofisi nzima fomu zao za uhamisho, kwa sababu ya mwandiko. Hata nyumbani niko nazo, tupu, ndani ya lile sanduku la bati. Watu wameenda Busia, wameenda Nyeri, wameenda Lamu kwa mkono wangu. Mimi niko hapa.

Jumanne asubuhi nikafungua kabati nisome tena ile namba tatu. Faili hakuna. Nikatoa zote, nikazirudisha, nikatoa tena. Jasho likanitoka, na Kajiado asubuhi unajua vile huwa baridi. Nikakimbilia kitabu cha faili zinazotoka, kile ambacho huwa napigia watu kelele wasipoandika. Lakini faili ya Lilian haikuwa kwa kitabu chochote, maana haikuwa ya serikali, ilikuwa ya magendo yangu. Nilikaa nikiangalia ule ukurasa kana kwamba utanihurumia.

Aliyeniokoa ni mama Nashipae, yule anayepiga taipu chumba cha pili. Akaniambia, "Si Daktari alibeba rundo lote la faili za chanjo jana kwa meza yako? Ameenda nalo Illasit. Atarudi Jumatatu." Ni Daktari Sankale, yule mganga wetu wa mifugo. Jumatatu nilikuwa nimeiacha ile faili mezani juu ya zile zake, nikaenda kunywa chai. Rangi ni moja. Yeye naye hakuandika kwa kitabu, bwana, hawaandikangi! Nikajaribu simu yake ya mkononi, huko aliko haishiki.

Jioni nilimwambia Lilian ukweli. Nilimwambia kila kitu isipokuwa namba tatu. Nilitegemea alie, ama anipigie kelele vile wewe ungenipigia, na ningefurahi. Alikunja aproni yake polepole, akaiweka juu ya kiti, akasema, "Sawa, Baba." Basi. Hiyo "sawa" ilinikaa kifuani mpaka asubuhi.

Jumatano alfajiri kulikuwa na lori la ofisi linapeleka dawa Illasit. Nikaomba ruhusa, nikaomba na kiti mbele. Tukapita Emali, tukashika njia ya Loitokitok, mlima ukajitokeza wote mweupe juu, na mimi sikuuona vizuri kwa mawazo. Nilikuwa nahesabu: leo Jumatano, kesho Alhamisi, keshokutwa imeisha. Kama Daktari ameiacha mahali, kama mbuzi wameila, mtoto wangu amekosa nafasi aliyoitolea jasho miaka minne, na aliyemnyang'anya ni babake, kwa kuogopa kula peke yake. Niliomba Mungu kwa sauti hadi dereva akazima redio.

Tulimkuta Daktari nyuma ya mashamba ya nyanya, mikono imekunjwa, ng'ombe wamepangwa kwenye kile kijia cha mbao wakichanjwa. Kuniona tu akapaza sauti kwa salamu ya Kimaasai, "Supa, Mzee Wanjala!"

"Epa," nikajibu.

"Umefuata faili."

"Umejuaje?"

Akaanza kucheka hadi akashika ubao. Ati alifika pale Jumanne, wenye ng'ombe wamekusanyika, akataka kuwasomea maagizo ya chanjo. Akafungua faili ya juu bila kuangalia jina, akaanza palipofunguka, kwa sauti kubwa, akiwatafsiria kwa Kimaasai: "Akienda, nyumba hii itabaki na nani?" Watu wakatazamana. Kisha mmoja akauliza, huyu anayeenda ni ng'ombe ama ni mke?

Mama Lilian, nilitamani ardhi inimeze pale Illasit. Watu ambao sijawahi kuwaona walinisalimu kwa mkono wakiuliza kama yule wangu ameshaenda.

Lakini Daktari alipomaliza kucheka alinipeleka kando ya gari, akanipa faili. Alikuwa ameshaandika ndani, namba tano, na saini yake chini. Nakunakilia ilivyo: "Kwa karani. Mimi nilipoenda chuo, baba alijificha nyuma ya boma akalia, akifikiri simwoni. Lakini hakunizuia. Tuma fomu."

Nilijaza fomu palepale juu ya boneti ya gari, nikatia saini yangu, na yeye akatia yake mahali pa shahidi. Kalamu yenyewe ilikuwa inanuka dawa ya kupe.

Alhamisi saa tisa nilikuwa Kitengela. Nilimpa Lilian faili nzima, sikutoa hata karatasi moja. Nikamwambia, "Soma yote. Namba tatu ndiyo jibu la lile swali ulilouliza ukichambua mchele." Akasoma amesimama. Alinikumbatia tu, mimi na vumbi langu lote la Illasit. Posta isingefika kwa wakati, kwa hivyo Ijumaa alfajiri akapanda basi akaipeleka mwenyewe.

Siku hiyo sikuenda kazi, si ofisini wala safarini, mara ya kwanza tangu niugue malaria. Nilishinda dukani kwa Mama Njeri, jirani yetu muuza nafaka, yule ambaye Lilian humsaidia na vitabu vyake siku ya soko; nilienda kwake kwa sababu ana simu. Saa tisa na kitu ikalia. "Baba? Wamepokea. Wamepiga muhuri." Nikakalia gunia la maharagwe. Mama Njeri akadhani tumefiwa, akaanza "pole, pole sana Baba Lilian," akinifungulia soda. Nilipomwambia ni habari njema aliniambia basi nilipe hiyo soda. Tulicheka sana. Jameni, nilikuwa nimesahau vile kupumua kunakuwa kutamu!

Jana jioni amerudi, na huo muhuri nimeuona kwa macho yangu kwenye nakala yake. Nilimuuliza kwa nini hakuendelea mpaka kwako, imebaki safari fupi tu, akasema kuna kitu alitaka kumalizia huku. Ataripoti baada ya wiki tatu, na kabla ya hapo atakuja kulala kwako siku kadhaa. Mtafutie blanketi nzito, huko juu ni baridi, na umwambie wewe maneno ya mama na binti, mimi hayo siwezi.

Nisamehe kwa vile nilikujibu juu ya yale maneno yako matatu. Yalikuwa yanatosha.

Nisalimie Kukhu, mama yangu, umwambie mjukuu wake anaenda kusoma biashara, si kuuza duka, maana najua atauliza. Salamu kwa kaka yako fundi wa baiskeli, kwa kitindamimba wetu na madaftari yake, na kwa mchungaji aliyetuombea bila kujua anaomba juu ya nini. Jirani wa ng'ambo ya mto mwambie ile mbegu ya sukuma imeota huku.

Wako,
Baba Lilian

Ngoja kwanza. Barua hii nilikuwa nimeshaikunja, Lilian ameenda mazoezi ya kwaya, nikachukua ile faili nitafute bahasha. Nikakuta namba sita, kwa mwandiko wa mtoto wetu, ambao, naona leo, ni mwandiko wangu kabisa. Ameandika: "Kwa karani. Kuhusu namba tatu. Jibu la swali hili halipatikani Kitengela. Tafadhali angalia karatasi iliyo chini."

Chini yake kuna fomu ya uhamisho, moja ya zile za sanduku la bati. Ameijaza yote. Jina langu, miaka yangu ya kazi, mahali nilipo: Kajiado. Mahali ninapoomba: Kimilili, hapo kwako nyumbani. Penye sababu ya kuomba watu huwa wananiandikisha hadithi ndefu, ugonjwa, shamba, wazazi. Yeye ameandika neno moja: "Mama."

Aliacha nafasi ya saini tu.

Nimeitia, mpenzi. Hii haitawekwa kwanza. Kesho asubuhi itakuwa juu ya meza ya bosi kabla hajavua koti, na kwenye kitabu nitaiandika mimi mwenyewe: imetoka.