Chewa wa Pili

Mbagala,
Jumatatu, 8 Novemba 1993

Kwa ndugu yangu Kondo, Kisiju.

Salamu zikufikie hapo ulipojibanza, zikukute na meno yako yale matatu bado hayajatengana. Hujambo? Goti la kushoto nalo halijambo? Mkeo bado anakuvumilia? Sie huku wazima: Mauwa mzima na ulimi wake mzima, na mie mzima kiasi cha kushika kalamu, jambo ambalo mwalimu wetu wa darasa la tatu hakulitegemea. Barua hii isome mwenyewe, usimpe mtu. Utaona kwa nini.

Habari yenyewe ni kwamba Ijumaa asubuhi nimevua chewa. Mie Badru, kwa mkono wangu. Usicheke kwanza.

Mwezi uliopita walikuja wakwe wa binti yetu Farida, nami kama kawaida yangu nikawasimulia yule chewa niliyempelekea baba yake Mauwa wakati wa posa, kabla ya Uhuru, yule aliyebebwa na watu wawili kwenye mti. Mauwa akatua sinia chini. Akaniambia mbele ya wakwe kwamba chewa huyo kamsikia miaka thelathini na minane, na tangu siku ile kila samaki aliyeingia jikoni kwake kanunuliwa Feri. Basi ama nimletee wa pili, ama yule wa kwanza nisimtaje tena mpaka nazikwa. Kondo, mtaa mzima naitwa Mzee Chewa. Nikinyang'anywa hadithi ile nabaki na nini, upara?

Mtumbwi sina, na wa kuazima sipewi tena tangu nilipozamisha ule wa pili. Lakini siku hizi ruksa, kila kitu kinaingia nchini. Katika belo la mitumba la Cyprian, yule kijana wa Masasi, kikatoka kidude: duara la turubai kama kitumbua cha jini, ndani mpira wa kujaza upepo, katikati kimeshonwa kiti chenye matundu mawili ya miguu. Kimekuja na viatu vya mpira vipana kama nyayo za bata. Cyprian akaapa kuwa Wazungu hufundishia watoto wao kutembea. Nikamwambia mtoto mwenye makalio ya kujaa humo ameshaoa. Nikapekua kamfuko ka pembeni, nikakuta ndoano yenye kutu. Nikajua: hiki ni chombo cha kuvulia samaki. Nikamwachia redio yangu, nikaondoka na kidude kichwani.

Ijumaa, baada ya swala ya alfajiri, nikateremka Mzinga kwenye mikoko, maji yamejaa. Nikavaa vile viatu, nikapiga hatua mbele, nikaanguka kifudifudi matopeni. Kumbe ukivivaa unatembea kinyumenyume! Nikaingia majini kwa makalio, kama bwana harusi anayeogopa chumba. Halafu maji yakaninyanyua. Kondo! Nimekaa kitako juu ya bahari, miguu inaning'inia, mikono yote huru, kasia hakuna, nahodha wa kunitukana hakuna. Nikipiga teke nakwenda. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Jirani yetu Eufrazia alikuwa anaokota chaza mikokoni. Akaona nusu mtu anapita kinyumenyume juu ya maji huku anacheka. Akaangusha kikapu, akapiga ishara ya msalaba, akauliza kwa sauti kama mie ni mtu au shetani. Nikamjibu akamuulize Mauwa, ndiye anayejua.

Kwa chambo cha kamba wabichi nikapata samaki watatu, changu. Wazuri, ila sikutumwa changu. Chewa hukaa shimoni, penye mizizi. Nikasogea, nikatupa mshipi. Kimya. Maji yakageuka, yakaanza kunivuta kwenda bahari kuu, na kidude hakina nanga. Eufrazia ananipigia kelele nirudi, miguu imeanza kukaza. Nikaona hapa ama narudi sasa mikono mitupu, ama nalala Komoro. Ndipo nikafanya nililolikataa miaka yote: nikalitaja jina lako. Nikasema, Kondo, niachie mmoja tu.

Wallahi, mshipi ukakakamaa! Akanizungusha kama ngamia wa kinu. Si mie niliyemvuta, yeye ndiye aliyenivuta, na kwa bahati akakimbilia mizizini kwake. Nikadaka tawi la mkoko kwa mkono mmoja, mshipi nimeung'ata. Eufrazia akaingia maji ya kiuno, akakamata kamba iliyoning'inia kwenye kidude, tukatoka watatu: yeye, mie, na chewa mrefu kama mkono wangu mpaka begani.

Sasa kwa nini jina lako? Kwa sababu yule chewa wa posa alikuwa wako. Alikuwa ndani ya dema lako, mtego ule uliousuka mwenyewe. Nawe ulikuwa unamtaka Mauwa, najua, ulikuwa unangoja samaki wa kumpelekea baba yake. Nilipiga mbizi kabla hujaamka. Nililiona kago ulilofunga mlangoni mwa dema kuwazuia wezi, kile kitambaa chekundu, nikalifungua kwa meno. Kisha nikamtoboa chewa mdomo kwa ndoano, afanane na aliyevuliwa kwa mshipi. Ukasema mwizi atavimba tumbo, ukawashuku wavuvi wa kijiji cha pili, nami nikakusaidia kuwatukana. Tumbo halikuvimba. Ila tangu siku ile hakuna chewa aliyegusa ndoano yangu, na sababu nilikuwa naijua. Nikanyamaza, nawe ukaja kunipigia ngoma harusini.

Mauwa kampika kwa nazi. Akatafuna taratibu, nami nangoja sifa. Akasema mtamu, lakini wa Kondo alinona zaidi. Kumbe anajua tangu siku ile ile: nilifika kwao midomo imetapakaa wekundu, na kitambaa kile kijiji kizima walijua ni cha nani. Nikamuuliza mbona alinikubali. Akasema yeye hakuolewa na samaki, nimpishe atoe sahani.

Nusu ya chewa, upande wa kichwa, nimeitia chumvi na kuianika. Inakuja na lori la Kasiani liendalo huko Kisiju, pamoja na barua hii. Ni yako. Ukitaka kunilaani, laani, ila kula kwanza. Kisha uje. Kidude utakaa wewe, kamba nitashika mie. Na safari hii, kabla sijagusa maji, nitakuamsha.

Nisalimie goti.

Ndimi mwizi wako,
Badru
(Mzee Chewa, ukiruhusu)