Mama Mkwe na Mwavuli Mweusi Kandokando ya Ziwa

Mpendwa Mama Mkwe,

Najua umeshakasirika, maana mkwe hamwandikii mama wa mkewe kana kwamba ni rafiki yake wa kilabuni. Lakini wewe umekufa na mimi nimezeeka, kwa hiyo utanisikiliza tu, huna pa kukimbilia. Naandika kwa Kiswahili cha kambi ya magereza, kile ulichokiita lugha ya wezi wa kuku. Kisoga chako nakijua cha kuombea chakula, na shule niliiacha kabla haijaniacha. Tafuta askari huko akusomee. Hawakosekani.

Unaikumbuka likizo ile ya miaka ya tisini, magugu maji yalipofunika ziwa mpaka wavuvi wakaonekana kama watu wanaolima? Kule Mbale mimi na mke wangu tulikaa chumba kimoja, upande huu mashine ya kusaga unga, upande ule stendi ya mabasi. Makondakta walianza kuita abiria kabla jogoo hajafikiria kuwika. Mimi nilizoea; askari jela hulala hata juu ya ngoma. Bintiyo Kagoya hakuzoea. Alikonda, akanyamaza, na likizo yangu ilipotoka akaniambia wazi kwamba anakwenda kwako kupumzika na hajui kama atarudi. Nikasema nitamsindikiza. Moyoni nilikuwa naomba safari iwe ndefu, labda atabadili nia njiani.

Urefu niliupata. Ulitupokea Jinja, sokoni, umemaliza kuuza dagaa wako, ukakataa teksi. Ulimwambia Kagoya kichwa chake kimejaa honi, na dawa yake ni kutembea ukingoni mwa ziwa hadi nyumbani, mkilala njiani kwa shangazi zake. Mimi sikuulizwa.

Kwetu Wagisu na kwenu Wasoga jambo hili ni moja: mtu na mama mkwe wake hawaonani uso. Basi ukatangulia wewe na mwavuli wako mweusi, Kagoya katikati, mimi nyuma kabisa na sanduku kichwani kama mpagazi asiyelipwa. Shida ni kwamba ziwa halina adabu. Kila penye ghuba njia inajipinda, na aliye mbele anajikuta anatazamana na aliye nyuma, katikati maji matupu. Hapo wewe unashusha mwavuli upande wa ziwa, mimi nateremsha sanduku begani nifiche uso, na wavuvi wanaacha nyavu zao watucheke. Mara moja nilitembea hivyo, sioni mbele, mpaka nikazama kwenye matope ya mafunjo hadi kiunoni.

Kagoya akawa posta yetu. Alirudi nyuma akasema unauliza kama nimechoka. Nikamtuma akuambie kwamba afande hachoki. Akarudi tena.

"Mama anasema viatu vyako vinasema vingine."

Ulikuwa na mdomo wewe mama, Mungu akusamehe. Lakini nilikuwa namtazama bintiyo. Mwanzoni alitembea kama mfungwa anayepelekwa shambani. Kesho yake akavua viatu. Halafu akaanza kuniita nione ndege, nione mawe aliyokuwa akiruka utotoni, na kila alipochangamka mimi niliogopa zaidi. Niliona ziwa lako linaninyang'anya mke.

Jioni moja tulifika kwenye mwalo wa wavuvi. Ninyi mkapika upande mmoja wa kibanda, mimi nikawekwa upande wa pili na nyavu. Nilikuwa nimekubebea zawadi kutoka Mbale, malewa, yale machipukizi ya mianzi tunayoyakausha kwa moshi kule mlimani. Kwetu ukipewa malewa umeheshimiwa. Nikampa Kagoya furushi akuletee. Akaliweka karibu yako, akaenda kuchota maji.

Muda kidogo nikasikia harufu. Kisha Kagoya akaja, ametumwa, uso mzito kabisa.

"Mama anashukuru kwa kuni. Anasema zinawaka vizuri."

Akajaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akakaa juu ya nyavu, akashika tumbo, machozi yakamtoka. Nami nikacheka, ingawa ni chakula changu kilichokuwa kinaungua. Ukaelezwa. Halafu nikakusikia ng'ambo ya ukuta wa mafunjo, husemi na mimi, unasema na chungu.

"Chungu, muulize huyo mwanaume. Mtoto wangu hucheka hivi na kwake, au huku tu?"

Kicheko kikanikatika. Ningeweza kudanganya, kazini nilidanganywa kila siku na mabingwa, nilijua namna.

"Chungu, mwambie mama, kwangu hajacheka siku nyingi. Naomba nijaribu tena."

Uliendelea kukoroga, mama. Uliniacha pale nikisikiliza mwiko.

"Chungu, mwambie amtoe karibu na hiyo mashine. Na kila likizo amlete, kwa miguu."

Likizo ilipokwisha Kagoya alirudi na mimi. Tulihamia chini ya mlima Wanale, mbali na stendi, nikawa natembea hadi kazini huku nakulaani kila kilima. Na kila likizo tulikuja, kutoka Jinja kwa miguu, mpaka ukaanza kumwagiza Kagoya, tena kwa sauti, malewa ya kula na kuni za kuwasha, kila moja peke yake. Sasa njia ile imekatwa na nyua za wenye mahoteli. Magoti yangu yanawashukuru, mimi siwashukuru.

Siku ya kukuzika wazee waliniweka mbali, kama inavyotakiwa. Nikasogea, nikachungulia. Wanasema anayefanya hivyo hutetemeka mikono, tutaona. Walikuwa wamefunua kitambaa, nikauona uso wako mara ya kwanza. Mama! Pua ile, kidevu kile, hata ule mkunjo mdomoni wa mtu anayetafuta neno la kunichoma. Miaka yote nakukimbia, naruka vichakani na sanduku, kumbe kila asubuhi nakunywa chai na bintiyo nikitazamana na wewe.

Pumzika, mama. Nimesema yote bila chungu.

Mkweo,
mume wa Kagoya, Mbale