Bega la Mzee Guyo

Baba uliyenizoesha maswali,

Mwaka umeisha tangu tukuzike, na liko swali moja sikuwahi kukuuliza ukiwa hai. Wewe mtu wa kanisa, uliyeimba besi kila Jumapili mpaka viti vikatetemeka, ulianza vipi kumwita Mzee Guyo aje akuchinjie mbuzi?

Unakumbuka? Krismasi ikifika, mbuzi ashafungwa nyuma ya nyumba, sisi watoto mate yanatutoka, na wewe hujagusa kisu. Unauliza tu, "Nani anakuja?" Mama anataja: mwalimu na mkewe, shemeji zako kutoka kwao Kanja, akina Guyo. Ukisikia Guyo, unavaa kofia yako ya kahawia, unavuka barabara kwenda Majengo. Mnarudi mkibishana juu ya lori lake na magurudumu uliyomzibia. Anamlaza mbuzi kuelekea Kibla, anataja jina la Mungu, kazi imekwisha.

Halafu kugawa. Kwetu kila kipande kina mwenyewe, na bega la kulia ni la ndugu wa mwenye nyumba. Wewe hukuzaliwa na ndugu. Bega ulimpa Guyo, kila mara.

Ndiyo maana niliumbuka darasa la pili! Mwalimu alituuliza majina ya jamaa zetu, nikasimama kifua mbele nikasema baba yangu mdogo anaitwa Guyo, ni Mborana, anaswali msikitini. Jamani, darasa lilivyocheka! Kaka Mutuma alikuwa anapita dirishani na yeye akacheka kuliko wote. Alinifuata mpaka kwenye kibanda chako cha panchari akiniimbia, "Kendi wa Baba Guyo!" Wewe ulitabasamu tu, ukaendelea kuziba tyubu.

Sasa sikiliza ya wiki hii. Tulipanga ibada ya kukukumbuka, Jumamosi, hapa nyumbani. Mutuma akaja kutoka Nairobi na mbuzi na kisu kipya. "Mimi ndiye kifungua mimba," akasema. "Mbuzi wa baba nitamchinja mwenyewe."

Nikamwambia, "Na Mzee Guyo atakula nini?"

"Kuna chapati. Kuna soda. Kendi, hapa ni kwetu. Mgeni hula anachoandaliwa."

Nilimwona kichwani Mzee Guyo, na magoti yake yanayomuuma, amekaa kwenye kiti cha plastiki na soda mkononi, kwenye karamu yako wewe, hali kitu. Nikatamani kumrushia Mutuma mwiko. Lakini nilikuwa na swali langu, basi nikamgeukia Mama: desturi hii ilianzaje?

Mama alikuwa anaponda viazi na mahindi ya mukimo. Hata hakuinua kichwa. "Ilianza na huyu," akasema, akimwonyesha Mutuma kwa kidevu.

Kumbe! Mama alikuwa bibi arusi kutoka Embu, hajui mtu hapa mjini, Kimeru chake cha kuchekwa na majirani. Uchungu ukamshika mvua ikinyesha, na gari hakuna. Guyo, ambaye mlijuana kwa magurudumu tu, akashusha viazi vya watu kando ya barabara, akampakia Mama kwenye lori mpaka hospitali. Mutuma akazaliwa salama. Ukafurahi ukachinja mbuzi, wewe mwenyewe, na mgeni wa heshima akawa Guyo. Akaja na mkewe. Wakakaa, wakanywa chai, nyama hawakuigusa. Ukadhani amekudharau, ukamuuliza mbele za watu. Akakujibu polepole, "Nimekuja kumwona mtoto. Nyama iacheni, mimi nimeshiba furaha." Shemeji mmoja ndiye aliyekunong'oneza sababu. Mama anasema siku ile hata wewe ulishindwa kula.

Mutuma akakirudisha kisu chake kipya mkobani.

Baba, nimekuwa nikitembea Meru na hadithi hii kichwani kama mtu aliyevaa miwani mpya. Mama wa ndizi sokoni anamsalimu mteja kwa "Salaam aleikum", wanamalizia kwa Kimeru. Hoteli ya Mzee wa Kisomali karibu na stendi inapika githeri, mahindi na maharagwe yetu ya nyumbani, na Wakristo ndio wanaojaza meza. Nani aliamua? Sioni kanisa wala msikiti ulioagiza. Nadhani ni watu tu, mmoja mmoja, walioona aibu kula mbele ya jirani asiyekula. Ni hivyo, ama? Ningependa kukusikia ukinibishia.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Mutuma mlangoni. Amevaa kofia yako. "Nani anakuja?" akauliza, na hakungoja jibu, akavuka barabara.

Walirudi polepole, Mzee akiegemea mkono wake. Kisu kilishikwa na Mzee, mbuzi akashikwa na Mutuma. Wakati wa kugawa, kaka yangu, yule wa dirishani, akalibeba bega la kulia kwa mikono miwili, akainama.

"Baba mdogo," akasema, "hili ni lako."

Nilitaka kumcheka, nilipize ya miaka ile. Machozi yakaniwahi. Mzee alilipokea, akasema lichomwe palepale, tule wote, na tukala.

Lala salama, Baba. Mbuzi alikuwa mtamu.

Ni mimi binti yako,
Kendi wa Baba Guyo